Wachoraji Mashuhuri na Mlima Ulio Dirishani

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tuliingia darasa la nne la shule moja iliyo chini ya Mlima Meru. Somo lilikuwa la kuchora. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vema: andalio la somo lilikuwa safi, chaki za rangi zilikuwapo, na ubaoni alikuwa amekwisha kuchora mlima wa pembe tatu wenye theluji kileleni, jua likichomoza kando yake, na chini ya mlima nyumba moja na mnazi mmoja. Watoto waliambiwa wachore kama ubaoni. Wakachora. Kwa muda wa nusu saa hapakusikika ila sauti ya penseli na vifutio. Kisha mwanachuo akapita kati ya madawati na kalamu yake nyekundu, akigawa vema kwa ukarimu, isipokuwa kwa mtoto mmoja ambaye picha yake ilitiwa alama ya kosa. Mtoto huyo alikuwa amechora mlima uliobomoka upande mmoja, na ndani ya pengo akaweka kilima kidogo cheusi.

Baada ya kipindi tulimwuliza mtoto sababu ya kuchora hivyo. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba kwa bibi yake, upande wa Momella, mlima uko hivyo.

Naye alisema kweli. Mlima Meru, ambao urefu wake ni mita 4,566, ulibomoka ukuta wake wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Autazamaye kutoka Momella huona kasoko kubwa lililo wazi na kilima cha majivu kilichosimama ndani yake. Autazamaye kutoka mjini Arusha au Ngaramtoni huona kilele kilichochongoka, wala hadhani kwamba nyuma yake mna pengo. Basi katika darasa zima ni mtoto mmoja tu aliyechora mlima aliouona kwa macho yake. Wenzake walichora mlima usiokuwapo, wakauvika theluji ambayo Meru huipata mara chache, wakaotesha mnazi mahali ambapo mkulima yeyote angewaambia kwamba panaota migomba na kahawa. Nao ndio waliopata vema. Nasi hatuna budi kuungama: katika kitabu cha ukaguzi tulikuwa tumekwisha kuandika kwamba somo lilikwenda vizuri.

Tulipokaa na mwanachuo kulijadili somo lake, hakutetea mnazi. Alisema jambo jingine lililotufanya tuandike makala haya. Yeye mwenyewe ni mchoraji, na siku za mapumziko huuza picha kwa wenye vibanda mjini. "Mwalimu," alisema, "mimi nimefika hapa kwa kuwapenda wachoraji wakubwa na kuwaiga. Nilianza kwa kunakili picha za Tingatinga moja baada ya moja. Sasa kwa nini mtoto naye asiige?"

Swali hili si jepesi, na walimu wengi hulijibu kwa haraka mno. Wako wasemao kwamba mtoto asionyeshwe kazi ya mtu yeyote, aachwe achore yaliyo moyoni mwake. Wako wengine, nao ndio wengi zaidi, ambao humwekea picha na kumwamrisha aifuate. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili hayajamtazama kwa makini mtu ampendaye mchoraji mashuhuri, wala hayajajiuliza apendacho mtu huyo ni kitu gani hasa.

Tumwanzie huyo Tingatinga ambaye mwanachuo wetu alimtaja. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na ilipofika mwaka 1968 akaanza kuchora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za mafuta zing'aazo, za aina ile ipakwayo baiskeli. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake yote ya uchoraji, basi, ilidumu kwa miaka minne hivi. Lakini vijana waliokuwa wamekaa kando yake, wengi wao ndugu na jamaa, waliendelea. Na mwaka 1990 wafuasi wa mtindo ule wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo, na picha zake na za wafuasi wa wafuasi wake zimening'inizwa katika vibanda vya Arusha kama zilivyoning'inizwa Dar es Salaam na Unguja.

Vijana wale walijifunza kwa kuiga, hilo halina ubishi. Walijaza rangi ya nyuma, wakapaka madoa ya chui, wakarudia ndege yuleyule hadi mkono ukamzoea. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba walimfuata mtu waliyemchagua, wakakaa naye mchana kutwa, wakamwona akikosea na kufuta, na kila mmoja wao aliujua ugumu wa kazi ile kwa sababu yeye naye alikuwa akiifanya. Kuiga kwa namna hii ni uanagenzi. Mtoto wa darasa la nne, mwenye dakika arobaini na mnazi wa chaki mbele yake, hana bwana aliyemchagua. Picha anayoinakili haipendwi na mtu, hata mwalimu aliyeichora hawezi kusema kwamba anaipenda.

Tuseme pia, bila kumdharau mwuzaji yeyote, kwamba uigaji huohuo wa vibandani umefika mahali pa kutia huzuni. Tulizunguka mjini Arusha siku moja tukizitazama picha. Tuliona tembo wengi wakipita mbele ya Kilimanjaro, mandhari ambayo watu wengi huipiga picha kutoka Amboseli, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Tuliona Wamasai wembamba kama mianzi, wamepangwa safu, hawana nyuso. Mlima Meru, uliosimama juu ya vibanda vile vyote tangu asubuhi hadi jioni, hatukuuona ila katika picha mbili. Mnunuzi mgeni amekuja kutaka Kilimanjaro, naye anauziwa Kilimanjaro. Twaelewa kwamba mtu lazima ale. Lakini mchoraji ambaye kwa miaka kumi hajauinulia macho mlima wa kwao, huyo amempenda Tingatinga kwa namna ambayo Tingatinga mwenyewe hakumpenda mtu.

Linganisha na George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Masasi na kufariki mwaka 2005. Yeye alitoka katika uchongaji wa Kimakonde, na katika miaka ya 1970 alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Alipoingia katika rangi alitumia vifaa vilevile vya wafuasi wa Tingatinga, yaani hadibodi na rangi za kung'aa. Tembo wao hakuwachukua. Aliwachukua mashetani wa vinyago vya kwao, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza, akawaweka wakicheza ngoma, wakigombana, wakipika. Alichojifunza kwa wenzake ni ufundi, na macho akabaki na yake. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani.

Wala si kwetu tu. Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye leo jina lake linajulikana hata kwa watu wasiojua kuchora mstari, alikuwa mwigaji mkubwa. Mwaka 1887, akiwa Paris, alinakili kwa rangi za mafuta picha za Mjapani Hiroshige. Miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa katika hospitali ya Saint-Rémy, alianza kuzinakili kazi za Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima wa Ufaransa, ambaye alimheshimu tangu ujana. Nakala hizo ni kama ishirini. Lakini alikuwa na chapa zisizo na rangi mbele yake, nyeusi na nyeupe tu. Rangi zote, ile manjano ya mavuno na ile buluu ya asubuhi, alizitafuta mwenyewe. Tazama jambo hili vizuri, maana mwalimu aweza kulitumia: alijipa kazi ambayo nusu yake haikuwamo katika picha aliyoipenda.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu (1932), ambaye alianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alikuwa mkali mno katika jambo hili. Onyo lake kwa wasanii kwamba wasiige limejulikana katika Afrika Mashariki nzima. Twamheshimu, lakini hatukubaliani naye kwa ukamilifu. Mtu atazamaye picha zake kubwa tano za maisha ya Yesu katika kanisa kuu la Murang'a ataona kwamba naye alikuwa na wazee wake katika kazi. Wachoraji wa kale wa Italia waliiweka hadithi ya Bethlehemu kati ya vilima vya Italia na kuwavika wachungaji mavazi ya huko. Njau alifanya kitendo kilekile, akaiweka kati ya matuta na watu wa Kenya. Tukisema kwamba hakuiga, twasema kweli kuhusu sura na mandhari. Kuhusu ujasiri wa kitendo chenyewe, alikuwa na waliomtangulia.

Hapa ndipo tunapopata jibu la swali la mwanachuo wetu. Kumstahi mchoraji ni kutaka kujua alivyotazama. Picha aliyotuachia ni ushahidi tu wa kutazama kwake. Mtoto akipewa picha bila kwanza kuijua shida iliyoizaa, atachukua ushahidi na kuacha kutazama. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba mchoraji mashuhuri aingie darasani, tena aingie mapema, tangu darasa la tatu, lakini asiingie kwanza. Mtoto na aanze kuhangaika mwenyewe na mlima, na mgomba, na uso wa bibi yake. Akiisha kushindwa mara moja au mbili, ndipo aonyeshwe mtu mwingine aliyehangaika na jambo lilo hilo. Hapo atamkaribisha kama mwenzake wa kazi.

Wiki mbili baadaye tulilijaribu jambo hili pamoja na mwanachuo yuleyule, katika darasa lilelile. Kipindi cha kwanza watoto walitoka nje bila penseli. Waliulizwa maswali tu. Msitu unaanzia wapi? Mashamba yanakoma wapi? Upande upi una kivuli saa hii? Wingu limekaa juu ya kilele au limekizunguka kiunoni? Mwanzoni walijibu kwa pamoja, kama ilivyo desturi, wakitafuta jibu ambalo mwalimu alilitaka. Baada ya dakika kumi walianza kubishana wao kwa wao, nasi tukafurahi. Kipindi cha pili walichora. Picha hazikuwa nzuri kwa macho ya mkaguzi. Mtoto mmoja alichora wingu tupu, akaeleza kwamba alipoanza kuchora mlima ulikuwa umekwisha kufunikwa. Huyo safari hii alipata vema. Na mtoto wa Momella aliitwa ubaoni na wenzake, si na mwalimu, awachoree upande wa pili. Wengi walikuwa hawajawahi kuuona, na wawili hawakumsadiki.

Kipindi cha tatu ndipo alipoingia mchoraji mashuhuri, naye tulimtoa mbali, Japani. Katsushika Hokusai alizaliwa mwaka 1760. Alipokaribia umri wa miaka sabini alianza mfululizo wa picha za mlima mmoja tu, Mlima Fuji. Jina la mfululizo husema picha thelathini na sita, lakini zilipendwa hata zikaongezwa kumi, zikawa 46. Fuji ni mlima wa volkeno kama Meru, nao huonekana kutoka sehemu nyingi ambako watu wanafanya kazi zao. Hokusai aliuchora ukiwa mwekundu wa asubuhi. Aliuchora ukionekana ndani ya duara la pipa kubwa ambalo fundi alikuwa akilitengeneza. Katika ile picha ya wimbi kubwa, ambayo imechapwa hata kwenye mifuko na fulana ziuzwazo mitumbani, mlima ni mdogo mno hata mtoto huupita bila kuuona, mashua zikihangaika mbele yake.

Tuliwauliza watoto: mlima uko wapi? Walipoupata walicheka. Kisha: kwa nini mzee huyu, ambaye aliupenda mlima kiasi cha kuuchora mara nyingi hivyo, aliufanya mdogo? Majibu yalikuwa mengi, na moja lilitushangaza. Msichana mmoja alisema kwamba wenye mashua hawakuwa na nafasi ya kutazama mlima. Baada ya hapo waliambiwa wachore Meru tena, safari hii ukiwa nyuma ya kitu cha nyumbani kwao. Tulipata Meru nyuma ya daladala, Meru kati ya miguu ya ng'ombe, Meru juu ya ndoo ya maji iliyo kichwani mwa mama. Hakuna hata mmoja aliyechora wimbi. Hilo ndilo tulilolingoja kwa hofu.

Njia hii si uvumbuzi wetu. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, alipendelea kuwasimulia wanafunzi wake tukio kwa maneno, wao wakalichora kwa kadiri walivyoliona vichwani mwao, badala ya kuwawekea mfano wa kufuata. Kati ya wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame (1923). Ntiro alikwenda London kusoma katika Slade School katika miaka ya 1950, akawa na nafasi ya kuziona kwa macho yake kazi za mabwana wa Ulaya, na mwaka 1961 akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko Uingereza. Lakini aliendelea kuchora migomba, mavuno na kazi za kijiji za Uchagga. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York. Mwanachuo wa Arusha afahamu kwamba mchoraji huyu alizaliwa mwendo wa saa chache tu kwa basi kutoka hapa. Hata hivyo katika darasa letu la wanachuo arobaini na wawili, ni watatu tu waliokuwa wamepata kulisikia jina lake.

Wala mtu asidhani kwamba umashuhuri ni lazima utoke vitabuni. Wanawake wa Kiarusha na Kimasai watungao shanga hupanga duara juu ya duara bila rula, kwa hesabu iliyo vidoleni, na akosaye hesabu hufumua. Vijana wetu huwastahi waimbaji kwa mavazi yao na mitindo ya nywele. Si vibaya, lakini mwalimu angeweza kuwauliza ni nani aliyekuwa na ujasiri wa kupanga rangi zile kabla ya mwimbaji. Mama mmoja akikaribishwa darasani na kapu lake la shanga, somo limekwisha kupata zana.

Twajua yatakayosemwa. Darasa lina watoto sabini na karatasi hazipo. Basi nusu ya darasa ichore nje kwa mkaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na nusu nyingine ichore vumbini kwa kijiti. Picha ya vumbini hufutika, lakini kutazama kumekwisha kufanyika. Picha za mabwana hazipo? Siku hizi wanachuo wengi wana simu yenye picha. Kioo chake ni kidogo kwa darasa zima, hivyo ipitishwe kikundi kwa kikundi, au mwalimu aikuze picha hiyo juu ya karatasi ya manila usiku uliotangulia. Hapo mwalimu na aige, tena kwa bidii yote. Atakapokuwa anahangaika na mstari wa Hokusai hadi saa nne ya usiku, atapata la kuwaambia watoto.

Kuhusu alama, ambalo ndilo jambo liwatialo wanachuo hofu zaidi, sisi tumeacha kabisa kulinganisha picha ya mtoto na picha ya ubao. Mtoto husimama kando ya picha yake na kutaja vitu vitatu alivyoviona ambavyo jirani yake hakuvichora. Akivitaja, na vikiwamo pichani, amefaulu. Kazi hii huchukua vipindi viwili badala ya kimoja, na mwalimu mkuu mmoja amekwisha kutulalamikia kwa sababu hiyo. Tulimwonyesha ile picha ya ndoo ya maji. Aliishika kwa muda, akauliza ni ya mtoto yupi.

Mwanachuo wetu bado anawauzia wenye vibanda tembo na Kilimanjaro, maana ada hulipwa. Ametuambia ameanza picha nyingine ambayo hajaipeleka sokoni: Meru kutoka Momella, na pengo lake. Wanachuo watakaolijaribu somo hili katika mazoezi yajayo, Monduli, Patandi na kwingineko, twawaomba watuletee picha za watoto wao, hasa zile ambazo walitaka kuzitia alama ya kosa.